Umesimulia, Hujachambua

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa. Tulipewa kazi ya kuchambua mbinu za usimulizi katika tamthilia moja ya jukwaani na sehemu moja ya tamthilia ya runingani. Kwa jukwaa nilichukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Kwa runinga nilichukua ile sehemu ambayo mke anarudi kutoka sokoni akamsikia mumewe akizungumza na simu kwa siri. Nilitaja kisengere nyuma (kurudi kwenye tukio lililopita), taharuki (kukaa roho juu), kinaya (mambo kuwa kinyume na anavyodhani mhusika), sadfa (matukio kugongana bila kupangwa) na jazanda (picha yenye maana fiche), kila mbinu na mfano wake. Mhadhiri amenirudishia karatasi kaandika kwa wino mwekundu: “Umesimulia, hujachambua.” Nimepewa wiki moja nirekebishe. Nimekosa wapi na mbinu zote zimo? Na je, jukwaa na filamu huchambuliwa namna moja? Nimekuambatishia kazi yangu. — Mwanafunzi, Bamburi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi yako nimeisoma yote, na mhadhiri hakukuonea. Umeandika hivi: “Mwanamke anarudi nyumbani, anamsikia mumewe akiongea na simu, anakasirika. Hapa mtunzi ametumia taharuki kwa sababu hatujui kitakachotokea.” Sentensi ya kwanza angeweza kuisema shangazi yako aliyekuwa akitazama runinga hiyo hiyo huku akimenya viazi. Ya pili ni ya kidato cha nne: taja mbinu, toa mfano, chukua alama yako, nenda swali linalofuata. Kule ilikufaa. Chuoni unaulizwa mbinu hiyo inafanya kazi gani pale ilipo, na lau isingekuwapo tungepoteza nini.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na vikundi vya shule nimezunguka navyo kwenye mashindano ya drama hadi sauti ikanikauka. Wanafunzi wangu nilikuwa siwaruhusu kutaja jina la mbinu yoyote kabla hawajanijibu swali moja: hapa tulipofika, nani anajua nini? Mhusika huyu anajua nini, mwenzake anajua nini, na sisi tuliokaa vitini tunajua nini? Mengi unayoyaita mbinu ni njia tu za kugawa habari: nani apewe mwanzo, nani acheleweshwe, nani adanganywe.

Turudi kwa huyo mke wako wa runingani. Katika muhtasari wako umesema, kwa kupitia tu, kwamba mwanzoni mwa sehemu hiyo tulimwona mume hospitalini akipokea bahasha ya majibu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Halafu hukuitaja tena! Mwanangu, hiyo bahasha ndiyo insha yako. Mke anaposimama nje ya mlango akisikia “usimwambie, nitamwambia mwenyewe,” yeye anadhani kuna mwanamke upande wa pili. Sisi tunadhani ni daktari. Basi huwezi kuandika kwamba taharuki inatokana na kutojua. Tumekaa roho juu kwa sababu tunajua habari ya bahasha, na hatuna njia ya kumwambia.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili vizuri alipohojiwa na mwongozaji mwenzake wa Kifaransa, François Truffaut, mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanazungumza, bomu liko chini ya meza. Kama watazamaji hawana habari, litalipuka na kuwashtua kwa sekunde 15. Kama walioneshwa likitegwa, na saa wanaiona ukutani, mazungumzo yale yale ya upuuzi yatawakalisha roho juu kwa dakika 15. Mshtuko na taharuki ni vitu viwili, na tofauti yake ni nani aliyepewa habari kabla.

Sasa fanya jaribio kwenye karatasi ya kando. Lihamishe tukio la hospitali, uliweke baada ya ugomvi. Matukio ni yale yale, hakuna lililoongezwa. Lakini sasa tumeingia mlangoni pamoja na mke, tumemshuku mume pamoja naye, na bahasha itakapotokea itatuaibisha sote. Kwa nini mtunzi hakuchagua mpango huo? Alitaka tuwe wapi, upande wa nani? Ukishajibu hayo umeanza kuchambua. Jaribio hili la kuhamisha tukio, au kulifuta kabisa, silioni kwenye vitabu vingi vya mwongozo, na sijui kwa nini.

Halafu angalia kamera inasimama wapi. Umeniandikia kuwa “kamera ilimwonyesha mwanamke.” Nimeitafuta sehemu hiyo nikaitazama. Kamera haikuingia chumbani hata mara moja. Ilibaki ukumbini, ikakaribia mkono wa mke ulioshika kikapu, vidole vikikaza mpini, nazi moja ikitaka kudondoka. Sauti ya mume inapita mlangoni imefifia, na adhana inaanza mbali, ikafunika neno moja ambalo lingemaliza kisa chote. Je, hiyo ni sadfa? Adhana iliwekwa hapo na mhariri wa sauti, mwanangu. Tena hakuna muziki uliopachikwa kutuelekeza tuhuzunike au tuogope. Kila tunachosikia, mke naye anakisikia. Andika hivyo, na uandike dakika na sekunde, maana “kuna mahali” haimsaidii msahihishaji.

Kuhusu Kinjeketile, umejaza kurasa mbili za historia ya vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Ifupishe iwe sentensi mbili, lakini usiitupe, kwa sababu Hussein anaifanyia kazi. Tamthilia ilipochapishwa mwaka 1969, wasomaji wake walikuwa tayari wanajua kwamba maji ya dawa aliyowapa Kinjeketile wapiganaji hayakuzuia risasi za Wajerumani. Panga watu wako sasa. Umati jukwaani unaamini. Kinjeketile mwenyewe, baada ya kusikia kwamba akiwa amepagawa alisema watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, anaingiwa na shaka: anawaondoa Wajerumani ili awarudishe watu kwa Sultani? Na hadhira inajua mwisho kuliko wote. Ngazi tatu za kujua, juu ya jukwaa moja, kwa wakati mmoja. Kila umati unaposhangilia, mtazamaji anaumia. Kinaya ulikitaja, mstari mmoja, chini ya jazanda! Kipandishe juu kabisa, na umwonyeshe msomaji wako kwamba mtunzi akiwa na kisa ambacho mwisho wake unajulikana, swali la “itakuwaje” halina nguvu tena. Linalobaki ni jinsi mtu mwenye shaka atakavyoendelea kuubeba mzigo wa imani ya wengine.

Jukwaa na filamu, swali ni hilo hilo, vyombo ndivyo tofauti. Kwenye ukumbi wa maonyesho jicho langu liko huru. Naweza kumwacha mfalme anayehutubia nikamtazama askari anayepiga miayo kando, kwa hiyo mwongozaji ananivuta kwa mwanga, kwa sauti, kwa nani kasimama juu na nani kampa nani mgongo. Ndiyo maana maelezo ya jukwaani yaliyomo kwenye kitabu cha tamthilia si ya kurukwa. Kwenye filamu nimechaguliwa cha kuona, na mkato kati ya picha mbili hutengeneza maana ambayo haimo katika picha yoyote. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov, katika miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1917, inasimuliwa kwamba alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha chochote, akaufuatanisha na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watazamaji wakasifu uigizaji: njaa ile, huzuni ile, tamaa ile. Uso ulikuwa ni ule ule. Ukiwa na hilo kichwani, usiandike tena kwamba mwigizaji “alionyesha hisia” kabla hujaangalia picha iliyotangulia na iliyofuata.

Filamu za Kihindi tulizokua nazo, sinema za Regal na Naaz hapa Mombasa zikiwa bado zinajaa, zilikuwa na mapumziko katikati, na mwongozaji alihakikisha unatoka kwenda kununua njugu ukiwa na swali kooni. Tamthilia za runinga hufanya vivyo hivyo kabla ya matangazo. Tazama sehemu yako inakatwa wapi. Pengine utapata aya nzima hapo.

Aya yako ningeianza hivi: “Kwa kutuonyesha majibu ya hospitali kabla ya simu, mtunzi anatupa siri ambayo mke hana. Kamera inapobaki ukumbini, kwenye mkono ulioshika kikapu, inatusimamisha pamoja naye: tunasikia maneno yale yale, ila tunayaelewa vingine. Kinaya hicho kinatufanya tumhofie mume na kumhurumia mke kwa pamoja.” Jina la mbinu limekuja mwishoni, likiwa na kazi. Usininakili lakini, mhadhiri wako huenda naye anasoma ukurasa huu.

Wiki moja inatosha. Tazama mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili simamisha kila onyesho likiisha, andika nani kajua nini kipya. Mara ya tatu zima picha, usikilize tu. Na mbinu zilizokosa kazi, zifute. Tatu zilizoelezwa vizuri zinatosha.

SWALI: Bi Mwalimu, mimi filamu nyingi nimezitazama kwenye kibanda cha video huku Likoni, zile zilizotiwa maneno na madijei. Wenzangu chuoni wananicheka, wanasema hizo si za kuchambuliwa. Kweli? — Msomaji, Likoni

JIBU: Waache wacheke. Dijei kama DJ Afro ni msimulizi aliyeongezwa juu ya filamu, na msimulizi ni mbinu. Anakwambia nani stelingi, yaani shujaa wa filamu, kabla stelingi hajarusha ngumi, anakuonya kwamba rafiki yule ni nyoka, anamtania adui kwa maneno ya mtaani. Yaani anachukua habari aliyoificha mwongozaji anakupa wewe mapema. Mara nyingine anaua mshtuko, mara nyingine anaugeuza taharuki, na kibanda kizima kinapiga kelele. Chagua onyesho moja fupi, litazame bila dijei kisha na dijei, uandike kilichobadilika. Ila kwenye kazi yako taja jina la asili la filamu na mwongozaji wake pia, na maneno ya dijei uyanukuu kama yalivyo, usiyasafishe.