Kuvua wakati wa baridi kali kwenye mto unaojaa na kupwa

Anayetaka kuvua katika miezi ya baridi kwenye mto unaojaa na kupwa pamoja na bahari hana budi kuyaacha mazoea ya majira ya joto. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, kwa hiyo baridi ikizidi samaki hupunguza mwendo, hula kidogo, na wengi hujikusanya kwenye vina vichache, hasa upande wa nje wa kona za mto. Kwa maoni yangu, swali la kujiuliza kabla ya kutoka nyumbani si aina ya chambo, bali ni wapi yalipo maji yenye nafuu ya joto na yatafika saa ngapi.

Mara nyingi maji hayo yako chini, na huletwa na bahari. Bahari hupoa polepole kuliko mto, hivyo maji yanayoingia wakati wa kujaa huwa na joto zaidi kidogo kuliko yale yanayoshuka kutoka bara. Na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, hupenya chini ya maji matamu na kutambaa sakafuni mwa mto. Mimi hutia kipimajoto ndani ya chupa ndogo iliyo wazi, nikaifunga kwenye kamba pamoja na chubwi, yaani kile kitu kizito cha kuzamishia mshipi, nikaishusha hadi chini na kuiacha dakika kadhaa. Maji yaliyomo chupani yakishapata joto la huko chini hayabadiliki upesi wakati wa kuyapandisha. Nikikuta nyuzi 4 juu na nyuzi 7 chini, hapo natupa mshipi. Nikikuta baridi ileile juu na chini, nahama.

Saa nayo ina hesabu yake. Kati ya kujaa na kupwa hupita kama saa sita na dakika kumi na mbili, na kesho yake maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Jedwali la saa za kujaa na kupwa, hata hivyo, mara nyingi ni la mlangoni mwa mto. Kadiri unavyopanda juu ndivyo kujaa kunavyochelewa, na mkondo unaweza kuendelea kupanda hata baada ya kina kuanza kushuka. Ndiyo maana naamini zaidi povu na majani yanayoelea kuliko karatasi. Saa mbili za mwisho za kujaa, zikiangukia alasiri baada ya jua kulipasha tope la kingoni, ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Wapo wanaosifu bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lakini katika baridi mkondo wake hunichosha mimi na samaki pia: chubwi haikai, na samaki aliyelegezwa na baridi hatoki kupigana na maji kwa ajili ya tonge dogo. Nachagua maji mafu, yaani siku za katikati ambapo maji hujaa na kupwa kidogo. Theluji ikiyeyuka bara, au mvua kubwa ikinyesha, nasubiri mpaka maji ya baridi na matope yapungue, kwani hayo huisukuma chumvi kuelekea baharini.

Chambo kiwe kidogo na kitulie chini. Samaki wa baridi hadonoi kwa fujo. Mshipi hulegea tu, au huwa mzito kidogo, na mkono wenye glavu nene hauhisi kitu, kwa hiyo afadhali glavu zisizofunika ncha za vidole.

Boya la kuvaa livaliwe tangu ukingoni, si kuwekwa chini ya kiti cha mashua. Anayetumbukia kwenye maji ya baridi kali hupoteza udhibiti wa pumzi kwa karibu dakika ya kwanza, na baada ya dakika kumi hivi vidole haviwezi tena kushika kamba. Anayevua akiwa amesimama kwenye tope aichague njia ya kurudi kabla maji hayajaanza kujaa nyuma yake.