Siku Hizi Laibrari ya Video Ni Wewe Mwenyewe

Jumamosi moja mwaka juzi mama mkwe alikuwa kwangu. Tumeshakula wali na samaki wa nazi, vyombo vimeoshwa, watoto wametandika mkeka mbele ya tivi. Nikashika rimoti kwa mbwembwe, nikafungua picha ambayo bango lake lilikuwa na baba, mama, watoto wawili na mbwa. Dakika ya kumi na nane steringi na jirani yake wakaanza kufunguana vifungo vya shati. Rimoti nayo ikachagua saa hiyo hiyo kugoma. Nikabonyeza, nikaipiga kofi mgongoni, mwisho nikaenda kusimama mbele ya tivi nimetanua mikono kama golikipa. Mama mkwe akainuka taratibu. "Baba, ngoja mie nikaswali isha." Isha alikuwa ameshaiswali tangu kabla ya chakula.

Usiku ule nilimkumbuka kaka wa laibrari ya video, aliyekuwa akitukodisha mikanda.

Aliyekulia Magomeni miaka ya 1990 kama mimi anajua ninachosema, na nadhani wa mitaa mingine nao walikuwa na wao. Tanzania Bara tulichelewa kupata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi vituo vilianza 1994. Kabla ya hapo mtu mwenye tivi aliinunua kwa sababu ya deki, mashine ya kuchezea mikanda ya video. Mjomba wangu alikuwa nayo moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kuigusa mpaka uwe umenawa mikono. Wikiendi natumwa mimi kwenda kukodi mkanda.

Laibrari yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba. Ukutani makasha matupu yamepangwa kwa mafungu: ya Kihindi, ya Kichina, ya kivita, ya kutisha. Mikanda yenyewe iko nyuma ya kaunta, na kaka ana daftari la kaunta kubuku ambalo ameandika majina yetu, namba za nyumba na nani anadaiwa. Usiporudisha mkanda mwanzo, faini. Ukichelewa siku, faini nyingine. Lakini kabla hajakupa chochote alikuwa na swali lake moja: "Mnaangalia na nani?" Ukisema na bibi, unapewa ya Kihindi yenye machozi na nyimbo. Ukisema peke yetu vijana, unapewa ya kareti. Siku moja nilinyooshea kidole kasha fulani akanitazama tu, kisha akaniambia, "Hiyo mwambie mjomba aje mwenyewe."

Mkanda wenyewe siulilii. Ulikuwa unaliwa na deki, picha ina chenga, hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, ikichafuka mnaanza kuifuta kwa noti iliyopakwa spiriti. Ikaja CD, ambayo picha moja ilikaa kwenye CD mbili na ya pili ndiyo yenye mikwaruzo. Ikaja DVD ya picha ishirini kwenye sahani moja, kumi hazifunguki. Halafu flashi, na kaka wa laibrari akawa anaweka nyimbo kwenye simu, kisha akafunga. Marekani nako hali ni ile ile kwa ukubwa wao: Blockbuster, kampuni ya kukodisha picha, ilikuwa na maduka zaidi ya 9,000 mwaka 2004, mwaka 2010 ikaomba ulinzi wa kufilisika, na leo limebaki duka moja lenye jina hilo, katika mji wa Bend, jimbo la Oregon. Hata Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilituma ya mwisho Septemba 2023.

Kilichonisumbua baada ya mkasa wa mama mkwe ni lile swali. Sasa nina maelfu ya picha mkononi na hakuna hata mmoja anayeniuliza naangalia na nani. Nikaamua kuliuliza mwenyewe. Haya ninayoandika ndiyo ninayofanya nyumbani kwangu, yachukueni mnavyoona.

Kwanza, picha ya Jumamosi inachaguliwa Alhamisi. Nilikuwa napekua mbele ya familia, dakika arobaini rimoti iko juu chini, huyu anataka hii, yule anasema ameshaiona shuleni kwenye simu ya rafiki yake, na tukipata muafaka, mtoto mdogo ameshalala. Alhamisi usiku naifungua picha kwenye simu peke yangu. Naangalia umri ulioandikwa, kama ni 7+, 13+ au 16+, na maneno madogo yanayoeleza sababu. Halafu naruka: dakika ya kumi na tano, ya arobaini, ya sabini. Picha yenye mambo yake huwa haivumilii mpaka mwisho bila kujionyesha. Kazi yote haizidi robo saa. Bango usiliamini. Wanaotengeneza mabango kazi yao ni kukufanya ubonyeze, na siku hizi picha moja ina mabango tofauti kwa watu tofauti.

Kwa watoto fungua profaili yao na uifungie umri, halafu profaili yako uiwekee PIN. Bila PIN umefunga mlango ukaacha ufunguo kwenye kitasa. Wangu wa miaka tisa alihamia kwenye profaili yangu siku ile ile.

Pili, bando. Hapa ndipo wengi wanaumia wakadhani mtandao unawaibia. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya ubora wa kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, ya HD mpaka GB 3, na ya 4K mpaka GB 7. Sasa ukiwasha hotspoti ya simu ukaiunganisha na smati tivi, tivi haijui kuwa wewe ni mtu wa bando. Inaona Wi-Fi tu, inajichotea ubora wa juu kadiri mtandao unavyoruhusu. Mimi niliwahi kununua GB 10 Ijumaa, zikaisha steringi wa picha ya pili akiwa bado amefungwa kwenye kiti. Dawa yake ni kuingia kwenye akaunti kwa kivinjari, si kwenye tivi, ukashusha ubora wa profaili. Kwa YouTube, bonyeza alama ya gia uchague ubora wa 480 mwenyewe. Kwenye tivi ya inchi 32, ukikaa mita tatu, hutaona tofauti ya kukuliza.

Njia nafuu zaidi ni kupakua usiku kama mtandao wako una kifurushi cha usiku. Lakini pana mtego ulioninasa: picha uliyopakua Netflix kwenye simu huwezi kuirusha hewani kwenda kwenye tivi. Inakataa. Na waya wa kutoka simu kwenda tundu la HDMI la tivi unafanya kazi kwa simu zilizotengenezewa kutoa picha. Nyingi za bei nafuu hazitoi. Nilinunua waya Kariakoo, nikafika nyumbani, tivi ikabaki nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kulipia waya, mwambie muuzaji auchomeke kwenye simu yako hapo hapo dukani. Jua pia kwamba baadhi ya picha zilizopakuliwa zinaisha muda wake saa 48 tangu ulipobonyeza kuanza, hivyo usiionje Alhamisi picha uliyoipakua kwa ajili ya wiki ijayo.

Sasa flashi. Sitajifanya mtakatifu, nimekaa kwenye benchi la vibanda vya kujaziwa muvi miaka mingi, naangalia kijana anavyoburuta mafaili. Nilipunguza, kisha nikaacha kabisa kwa picha za nyumbani. Dada mmoja wa mtaani kwetu aliigiza kwenye picha tatu za Bongo. Siku moja tulikuwa naye kibandani, mtu mwingine anajaziwa ile aliyoigiza yeye, na kijana akamwambia dada kwa furaha, "Sista, hii inatoka sana." Alicheka. Mimi sikucheka. Picha nyingi za Bongo leo zipo YouTube kwenye chaneli za wenyewe waliozitengeneza, bure, na kila mkiangalia mwenye mali anapata chochote. Za kwenye king'amuzi nazo zipo, Azam wana Sinema Zetu, DStv wana Maisha Magic Bongo. Ukishalipia king'amuzi kwa ajili ya mpira, kakague na hizo chaneli nyingine. Jirani yangu alikaa mwaka mzima hajui anazo.

Hata hivyo flashi bado inafaa, kwa video zako za harusi, mahafali, mawaidha na chochote unachokimiliki, na inasumbua kwa sababu tatu ambazo mafundi wanakutoza hela bure. Ikigoma kupokea faili kubwa, mara nyingi flashi iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja la zaidi ya GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo na kuhakikisha tivi yako inausoma. Ukipata sauti bila picha, au picha bila sauti, flashi haijafa: tivi haielewi namna faili lilivyobanwa. Weka VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, iunganishe na tivi kwa HDMI, kazi imeisha. Na maandishi ya tafsiri yasipotokea, lipe faili lake jina lile lile la picha, herufi kwa herufi.

Kuhusu maandishi hayo, wazee wetu tunawaonea. Mama mkwe anasoma vizuri tu, ila macho yake hayawezi kukimbizana na mistari inayopita. Kizazi chake kilimsikiliza Lufufu akitafsiri na kuongeza chumvi zake juu ya picha ya Kichina, wakaelewa kila kitu na kile ambacho hakikuwemo. Kwa hiyo akiwepo natafuta iliyotiwa sauti ya Kiswahili, kama tamthilia za Kituruki wanazorusha Azam, au ya Bongo. Na sauti naitoa kwenye sabufa, besi nimeipunguza. Besi ikiwa juu, maneno yanazama, na wazee hawasemi kwamba hawasikii, wanasinzia tu.

Jambo dogo lililobadilisha nyumba yangu kuliko yote ni daftari. La karatasi, shilingi mia kadhaa. Binti yangu mkubwa ndiye karani. Anaandika jina la picha, nani aliichagua, na mwisho "inafaa na nani". Kuna picha imeandikwa "na bibi hapana", nyingine "na baba hapana, analia". Sheria tuliyoirithi enzi za kaka wa laibrari ni kwamba ukishachagua, hakuna kubadili kabla ya dakika thelathini. Zamani ulishalipa, mkanda ni mmoja, unaangalia tu, na picha nyingi nzuri nilizoziona maishani zilianza vibaya.

Nimalizie na mikanda yenyewe, maana wapo mnaoitunza kabatini mkijua ipo salama. Haipo. Unyevu wa Pwani huotesha ukungu kwenye utepe, na kampuni ya mwisho inayojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ni za kuungaunga. Kama una mkanda wa harusi au msiba, tafuta studio ikuhamishie kwenye flashi mwaka huu, na kabla hujawaachia, uangalie utepe kupitia kidirisha cha mkanda: ukiona vumbi jeupe au madoa kama ya unga, usikubali uchomekwe mpaka usafishwe. Mimi sikujua. Fundi mmoja aliuchomeka mkanda wa harusi ya dada yangu ya 1996 hivyo hivyo, ukang'ata, ukakatika. Tuliokoa sehemu ya kanisani na ya keki. Sehemu ya ukumbini, baba akicheza na dada, haikupatikana, na baba hayupo tena.

Kwenye boksi ulimotoka mkanda huo, chini ya mikanda ya familia, palikuwa na mmoja usio wetu. Umebandikwa karatasi iliyofifia, namba 214, na mwandiko wa kaka wa laibrari: RUDISHA MWANZO. Niliutazama kidirishani. Utepe wote uko upande wa kulia, tuliangalia mpaka mwisho na hatukurudisha. Pale dukani kwake sasa ni wakala wa kutuma pesa.