Nilivyoisugua hela ya Mjerumani kwa limau

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina hela ya Mjerumani ya 1916. Niunganishe na mnunuzi, sishuki chini ya milioni mia." Nikacheka. Halafu nikajikumbuka mwenyewe, kicheko kikakata.

Shangazi alipofariki, tulifungua kasha lake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha khanga, mlikuwa na noti kumi na moja za rupia, pesa ya enzi za Mjerumani, na sarafu mbili nyeusi tii. Zilikuwa za baba wa babu yangu, mpagazi wa Kinyamwezi. Mimi wakati ule madeni yamenifika shingoni, nikaona Mungu kanikumbuka. Usiku uleule nikachukua limau na majivu, nikazisugua zile sarafu mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi. Nilijisifu, nisiwafiche. Nikapanda basi hadi Dar. Mnunuzi akazitazama kwa lenzi, akazirudisha mezani taratibu. "Ungeziacha na uchafu wake," akasema. Akaninunulia chai, na hicho ndicho nilichovuna kwenye safari nzima.

Basi ndugu zangu, kabla ya kuota magari, jueni mlichoshika. Machi 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliifunga pwani yetu kwa manowari. Pesa kutoka Ujerumani ikawa haifiki, na waliokuwa na rupia za fedha halisi wakazifukia. Serikali ya Mjerumani ikachapa noti za muda, Dar es Salaam kwanza, kisha Tabora. Vita vilipobana zaidi, karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu: heller 5 na heller 20, yaani senti za rupia, za shaba, nyingine zikitokana na maganda ya risasi za mizinga. Neno letu "hela" limetoka hapohapo kwenye heller. Zikapigwa na za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, rupia 15, zenye picha ya tembo. Hizo zilikuwa 16,198 tu, nazo kweli huuzwa maelfu ya dola. Ya kwako, mdogo wangu, ni ya shaba. Zilipigwa nyingi mno.

Noti ndizo zinazoniuma. Kwetu inasimuliwa kwamba dukani kulikuwa na bei mbili, ya sarafu za fedha na ya karatasi, na ya karatasi ilipanda kila mwezi. Mzee alibeba mizigo ya jeshi mabegani, akalipwa karatasi. Angekataa vipi, mbele ya bunduki? Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Mjerumani aliyeahidi kuzilipa zile karatasi alikuwa ameshakimbilia kusini, na Mwingereza aliyekuja kutawala hakuzitambua. Ikaja florin ya Mwingereza mwaka 1920, ikaja shilingi mwaka 1921, mzee bado anazitunza. Shangazi alisema alikuwa akizihesabu kila mwaka baada ya mavuno, kana kwamba kuna siku dirisha la benki lingefunguliwa.

Mnataka ushauri. Msioshe sarafu. Herufi T karibu na mwaka 1916 inamaanisha Tabora, haimaanishi utajiri. Noti msizifunike kwa plastiki ya moto, mtaziua. Akija dalali kutaka ada ya kupima kabla ya kununua, mfungulie mlango atoke. Na msioshe sarafu, hata kwa maji matupu.

Na ninyi mnaochimba usiku kuzunguka maboma mkitafuta mali ya Mjerumani, mkilipa waganga na vijana wenye mashine zinazolia zikinusa chuma, hebu fikirini. Mtu aliyekuwa anapiga sarafu kwa maganda ya mizinga, na hata dhahabu yake akaigeuza sarafu, ya kuwafichia ninyi angeitoa wapi? Aliyefukia ni mkulima, na alifukia rupia zake mbili tatu ili asipokonywe akapewa karatasi. Tuna tabia ya kuamini utajiri uliachwa na aliyetunyonya. Nami niliamini, tena kwa limau mkononi.

Noti nimezirudisha kwenye khanga yake. Mnunuzi yule alizitaka, akataja bei isiyofika nauli yangu ya kurudi. Nilikasirika kuliko ilivyostahili, kana kwamba yeye ndiye aliyemdhulumu mzee.

Yule kijana nilimjibu jana, nikamwambia anitumie picha kwanza, asiiguse. Picha imefika asubuhi hii. Inang'aa.