Maswali ya wasomaji: Kwa nini boksi la insulini limeandikwa Denmark?

Safu iliyopita ilihusu kisukari. Humo nilichomeka sentensi moja tu, kwamba Denmark, nchi ambayo ukiacha Greenland ni ndogo kuliko Mkoa wa Mbeya ulivyokuwa kabla Songwe haijamegwa mwaka 2016, ni miongoni mwa nchi zilizoandika historia kubwa ya dawa za sindano. Sentensi hiyo imeleta ujumbe mwingi kuliko safu yenyewe. Haya ndiyo niliyochagua kujibu.

Kamwene, mfamasia. Nchi yenye watu milioni 6 hivi imewezaje kushika soko la insulini duniani? Wametuzidi akili? (Mwalimu, Mafinga)

Kamwene, mwalimu. Walituzidi nguruwe, na walituzidi kuomba ruhusa mapema.

Insulini yenyewe haikugunduliwa kwao. Ilipatikana Toronto, Kanada. Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio mwaka 1921 katika maabara ya Profesa John Macleod, kisha James Collip akaisafisha. Januari 1922 akachomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Sindano ya kwanza haikumsaidia kitu, dawa ilikuwa bado na uchafu mwingi. Ya pili, siku 12 baadaye, ndiyo iliyoshusha sukari.

Mwaka huohuo August Krogh, Mdenishi aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1920, alikuwa Marekani kutoa mihadhara. Mke wake Marie alikuwa daktari, na yeye mwenyewe alikuwa na kisukari. Marie ndiye aliyemhimiza mumewe apite Toronto. Krogh akafika Novemba na kupewa ruhusa ya kutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya Skandinavia. Kabla mwaka haujaisha, yeye na daktari Hans Christian Hagedorn walikuwa wameshakamua insulini yao ya kwanza. Mwaka 1923 wagonjwa wa Denmark wakaanza kuchomwa. Aliyetoa fedha alikuwa August Kongsted, mfamasia mwenye kiwanda cha dawa. Nimelitaja hilo kwa makusudi, maana wafamasia huwa tunasahaulika.

Sasa nguruwe. Siku hizo insulini ilikamuliwa kutoka kwenye kongosho, kiungo cha tumboni kinachoitengeneza, za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa, na kongosho isipowahiwa na baridi, vimeng'enya vyake vyenyewe huimaliza insulini. Wakulima wa Denmark walikuwa na machinjio ya ushirika tangu 1887, la kwanza likiwa mji wa Horsens, wakiwauzia Waingereza nyama ya kifungua kinywa. Nchi ndogo, machinjio mengi, umbali mfupi. Wafugaji wa Mbozi mnajua nguruwe anavyojaza mfuko, lakini kongosho yake huku kwetu nani anaiulizia?

Halafu wakagombana. Thorvald Pedersen aliyekuwa akifanya kazi kwa Hagedorn alifukuzwa mwaka 1924, na ndugu yake Harald, fundi wa mitambo ya Krogh, akaondoka naye. Mwaka 1925 wakaanzisha Novo, wakiuza insulini pamoja na bomba lao la sindano. Novo na Nordisk, kampuni ya kina Krogh na Hagedorn, zote za mji mmoja, zikashindana kwa zaidi ya miaka 60, kila moja ikitafuta dawa safi kuliko ya mwenzake, mpaka zilipoungana mwaka 1989 na kuitwa Novo Nordisk. Mimi naona ugomvi ule uliwafaa wagonjwa kuliko kama wangepatana mapema.

Assalaam aleykum. Marehemu mama aliambiwa sindano yake ya sukari ina nguruwe, akawa anaikwepa. Je, ya leo bado inatoka kwa nguruwe? (Msomaji wa Tunduma)

Wa aleykum salaam. Pole kwa mama. Hakudanganywa, za zamani nyingi zilitoka kwa nguruwe kweli, kwa sababu insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa kiungo kimoja tu kati ya 51 vinavyoiunda. Ya ng'ombe inatofautiana kwa vitatu.

Insulini ya kibinadamu inayotolewa leo hutengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya binadamu. Ile ya bakteria iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Wadenishi wao wakachagua hamira, jamii ileile ya hamira ya maandazi, na kuanza kuiuza mwaka 1987. Kuhusu hukumu ya mtu aliyeitumia ile ya zamani kwa dharura, muulize shekhe. Hapo mfamasia hana neno.

Ugonile. Kwa nini ile nyeupe kama maziwa tunaambiwa tuibiringishe viganjani, na ile inayong'aa hapana? (Mama wa Tukuyu)

Ugonile, mama. Insulini ya mwanzo ilikuwa ya maji angavu kama hiyo inayong'aa, ikafanya kazi saa chache na kuisha. Mgonjwa alichomwa mara tatu, mara nne kwa siku. Mwaka 1936 Hagedorn na wenzake wakaichanganya na protamini, aina ya protini iliyotolewa kwenye manii ya samaki trauti, ikawa inanyonywa na mwili polepole. Mwaka 1946 maabara yake ikapata umbo la fuwele ndogondogo linaloitwa NPH. Ile H ni ya Hagedorn.

Fuwele hizo ndizo unazoziona kama maziwa, na zikikaa hutuama chini ya kichupa. Usipoibiringisha, leo utavuta maji matupu na kesho utavuta dawa nzito, kisha utashangaa sukari inapanda na kushuka. Usiitikise kwa nguvu, inafanya povu na kipimo kinakosewa. Ya Mixtard 30 ni zote mbili kwenye kichupa kimoja, ya haraka asilimia 30 na ya polepole asilimia 70, kwa hiyo nayo biringisha.

Ni kweli sindano inashinda vidonge? Hapa mtaani ukirudi zahanati bila kuchomwa, watu wanasema hujatibiwa. (Kihesa, Iringa)

Sindano ni njia ya kuingizia dawa. Insulini inachomwa kwa sababu ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama. Mgonjwa anayetapika au aliyezimia hawezi kumeza, achomwe. Lakini mtu anayekula ugali vizuri na kuomba achomwe kwa mafua anatafuta jipu la bure. Nimeona nyuso zikinuna dirishani nikitoa vidonge, na bado nitavitoa.

Nguvu ya sindano inajulikana kwa kuhesabu, na hapa narudi Denmark tena. Mwaka 1896 dondakoo lilikuwa linaua watoto, na dawa mpya ya majimaji ya damu ya farasi ilikuwa inasifiwa kila mahali. Johannes Fibiger, daktari kijana wa hospitali ya Blegdam, Copenhagen, hakutosheka na sifa. Kwa mwaka mzima, waliolazwa leo walichomwa dawa hiyo, waliolazwa kesho wakapewa matibabu ya kawaida tu, hivyo hivyo kwa zamu. Daktari hakupata nafasi ya kuchagua nani apewe. Kati ya 239 waliochomwa walikufa 8. Kati ya 245 wasiochomwa walikufa 30. Hapo ndipo ubishi ulipoishiwa nguvu, na mwaka 1902 serikali ikafungua taasisi yake, Statens Serum Institut, kutengeneza dawa za aina hiyo.

Cha kuchekesha, Fibiger alikuja kupewa Nobel ya 1926 kwa nadharia yake kwamba minyoo husababisha saratani kwa panya, nadharia ambayo baadaye ilianguka. Kwa hesabu yake ya dondakoo, iliyosimama hadi leo, hakupewa.

Kovu la chanjo begani nalo ni la Denmark? (Njombe)

La BCG, chanjo ya kifua kikuu, iliyobuniwa Ufaransa na kuanza kutolewa Paris mwaka 1921. Taasisi ya Copenhagen niliyoitaja iliendeleza mbegu yake, namba 1331, ikasambaa nchi nyingi. Lakini BCG inatengenezwa na viwanda kadhaa, hivyo kovu halitakuambia yako ilitoka wapi.

Zamani nesi alichemsha sindano moja, tukachomwa foleni nzima. Hizi za kutupa zilianza lini? (Babu, Mbalizi)

Shikamoo babu. Mfamasia wa New Zealand, Colin Murdoch, alibuni bomba la plastiki la kutupwa miaka ya 1950. Kabla yake yalikuwa ya vioo, na kuchemsha kulitegemea mafuta ya taa na subira ya mchemshaji. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitaka hadi mwisho wa 2003 chanjo zote zichomwe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe yakishatumika mara moja.

Sina friji. Makete kuna baridi, insulini si itakaa tu dirishani? (Msomaji wa Makete)

Dirishani hapana. Kichupa kisichofunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8, na ulichokianza kinavumilia joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25 kwa takribani wiki 4. Kwenu joto si tatizo kubwa. Tatizo ni Juni na Julai, sakitu inapoanguka. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Usiku iweke chumba cha ndani, ndani ya boksi lake, uifunge kwa kitambaa kwenye chungu mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Chukua ya mwezi mmoja kwa wakati, akiba nyingine iache kwenye friji ya kliniki. Ukikuta imeganda, irudishe ubadilishiwe.