Ibada binafsi: weka saa, kisha waambie watu

Wahubiri wengi hutuambia saa ya ibada binafsi ni alfajiri, na andiko lao ni Marko 1:35, Bwana Yesu alipoamka mapema sana akaenda kuomba mahali pasipo na watu. Sina ugomvi nalo. Lakini mama wa Pasua, hapa Moshi, anayeamka saa 10 alfajiri kupika uji, kupiga pasi sare na kutafuta soksi iliyopotea, mahali pasipo na watu atapatoa wapi? Hiace ya shule inapiga honi saa 12 kasoro. Akijilazimisha kuamka saa 9 atasinzia na Biblia mkononi, na wiki ya pili ataacha huku akijiona amepoa kiroho.

Alfajiri ni saa nzuri, ila si sheria. Isaka alitoka kondeni kutafakari wakati wa jioni (Mwanzo 24:63). Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na hakuwa mtu asiye na kazi: alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliosimamia maliwali 120. Ninachompendea ni kwamba utaratibu wake ulijulikana. Hata waliomwinda walijua watamkuta anaomba.

Maana ya jambo hilo niliionea sokoni Memorial, ninapouza mitumba ya watoto. Jirani yangu wa viatu ni Mwislamu. Adhana ya adhuhuri ikilia ananiambia, "Mama, niangalizie," anachukua kopo lake la maji, anaondoka. Wateja wake wameshazoea. Wengine wanasubiri, wengine wanazunguka kwanza, na sijaona aliyenuna. Siku moja nikamwambia, basi na mimi saa 3 asubuhi uwe unaniangalizia. Akacheka: "Haya, na wewe swala yako hiyo."

Tangu hapo ikifika saa 3 nakaa nyuma ya meza juu ya gunia la belo, mgongo nimewapa wapita njia, Biblia magotini. Mteja akiita, jirani anamjibu, "Yuko kwenye ibada, karibu, bei naijua mimi." (Bei anazotaja ni za kunifilisi, lakini tuyaache hayo.)

Kwa hiyo usingoje upate nafasi, maana nafasi haiji. Chagua saa, kisha waambie wanaokuhitaji: mume, watoto, mwenzako wa ofisini. Saa uliyoificha kila mtu ataichukua bila kujua amechukua kitu. Kama unafanya kazi za zamu, mfano muuguzi wa hospitali ya KCMC, saa ya ukutani haitakusaidia. Ifunge ibada kwenye zamu yenyewe, labda ukishakabidhi na kabla ya kupanda daladala.

Dakika 15 zinatosha kuanzia. Sisi Walutheri tuliokariri Katekisimo Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya imani, kwenye kipaimara tunakumbuka Luther alivyoelekeza mwaka 1529: ukiamka, sema ungamo la Imani, Baba Yetu, na ukipenda sala fupi, kisha uende kazini kwa furaha. Hakuna aliyeambiwa akeshe.

Kusoma Biblia nzima kwa mwaka ni jambo jema, ila ina sura 1,189, yaani zaidi ya tatu kila siku, na wengi wanakwama Walawi. Anza na Marko, sura 16. Au Mithali, sura 31, unasoma inayolingana na tarehe ya leo. Ukiruka siku, usilipe deni. Soma ya leo uendelee.

Simu, mimi naiweka kwenye mkoba. Aya zinazotumwa kwenye grupu la jumuiya ni salamu njema, lakini kujibu "Amina" si ibada. Na ukisomea Biblia kwenye simu, utafika aya ya tatu tu uulizwe kama belo limefunguliwa.

Mtihani wenyewe ni Desemba. Ndugu wanapanda kutoka Dar, nyumba imejaa, sokoni ndiyo tunauza kuliko mwezi wowote, na Krismasi inatukuta hatujafungua hata ukurasa. Mwezi huo soma Luka: sura 24, moja kwa siku kuanzia tarehe 1, unamaliza mkesha wa Krismasi. Sura ya kwanza ina aya 80, kwa hiyo siku hiyo mwombe jirani akuangalizie zaidi kidogo.