Nimehamishwa ghafla: je, niende mahakamani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi nchini Kenya. Barua ya uhamisho yanitaka niripoti kaunti nyingine Jumatatu, ilhali mwanangu anasafishwa figo hapa mara mbili kwa wiki. Je, nishtaki?

Jibu: Pole, mwalimu. Waweza, ila usianzie huko. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) mamlaka ya kukupangia shule yoyote ya umma, hivyo kusema tu kwamba hutaki kuhama hakutakufikisha mbali. Chenye uzito ni Kifungu cha 47, kinachodai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na wa busara. Andika rufaa leo, uambatishe barua ya daktari, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi itauliza kwanza kama ulipitia njia hiyo.