Nikishika kisu, linanijia wazo la kumdhuru mwanangu

SWALI: Shikamoo mama nesi. Nipo Ujiji, nina mtoto wa miezi minne. Kila nikikata migebuka linanijia wazo kwamba nitamchoma mwanangu kisu. Natetemeka, naacha samaki kwenye beseni. Sasa kazi zote za kisu anafanya wifi, na usiku naamka kila mara kusikiliza kama mtoto anapumua. Mama mkwe anasema ni jini. Mtu anayewaza hivi si ndiye anayetenda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo swali lako la mwisho ndilo linalokutesa kuliko wazo lenyewe. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wasio na maradhi, na wengi wakakiri kujiwa na mawazo ya namna hiyo hiyo. Wao huyaacha yapite. Wewe umeamini kuwa kuwaza ni nusu ya kutenda, ndiyo maana unalifukuza, nalo linazidi kurudi.

Hali yako inafanana na ugonjwa uitwao kwa Kiingereza OCD, wa mawazo yanayojirudia bila kutakwa na matendo ambayo mtu hujiona analazimika kuyarudia. Ugonjwa huu hufuata kile mtu anachokiamini. Anayeona kila baya litakalotokea litakuwa juu yake, atakagua jiko la mkaa mpaka mashua imwache Kibirizi. Kuamka kwako usiku kunatoka huko huko. Asiyevumilia shaka wala kasoro, yeye hupanga na kupangua. Na wapo wanaorudia udhu mpaka swala ya jamaa inawapita. Masheikh huuita wasiwasi, na tangu zamani wanafundisha usifuatwe.

Wazo hili linakutisha kwa sababu unampenda mtoto. Lakini nisikilize vizuri: ukianza kusikia sauti zinazokuamuru, ukikesha siku kadhaa bila hata kuhisi usingizi, au ukaona kumdhuru ni jambo sahihi, hiyo ni hali nyingine. Mtoto abaki na wifi, wewe upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kama sivyo, nenda wiki hii hospitali ya mkoa, Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili. Waeleze hivi hivi ulivyoniandikia, usipunguze neno kwa aibu. Watakuongoza kurudi kwenye kisu na samaki pole pole, mtoto akiwa karibu, bila kukimbia na bila kujihakikishia kila mara kwamba hutamdhuru. Dawa zipo pia. Waambie unanyonyesha wakuchagulie inayofaa.

Mama mkwe naye mwombe akusindikize. Akitaka kukusomea dua, asome, haizuii matibabu.